Tafadhali Guseni

Mapendo alikuwa na mgongo ambao hakuna mtu aliyeuona tangu atoke hospitalini akiwa msichana. Kola za blauzi zake zilipanda hadi shingoni, hata wakati wa kiangazi nyasi za mtaa wao wa Muhumba, Bukavu, zilipokauka na kila mtu akatafuta kivuli. Katika ofisi ya parokia, alikokuwa sekretari, watu walidhani ni uchaji wa Mungu. Hakuwasahihisha.

Moto uliomfikisha hospitalini ulitokea kule Kadutu, katika nyumba yao ya mbao. Mdogo wake Emile, ambaye bado alikuwa mtoto wa kulishwa na kuvishwa, aliingia chini ya kitanda na mshumaa kutafuta mpira wake. Mshumaa ukashika godoro. Nyumba za Kadutu zimebanana kama meno. Ikiwaka moja, hakuna anayepata nafasi ya kuuliza moto umeanzia wapi. Mapendo aliingia akamkumbatia mtoto kifuani, na wakati anatoka, shitingi ya plastiki iliyokuwa dari ikayeyuka ikamwagikia mgongoni. Mama yao alirudi ndani kutafuta kile alichokuwa anakitafuta, wala hakuna aliyejua ni nini. Yeye alifia hospitalini. Kabla ya kukata roho alimshika Mapendo mkono akamwomba jambo moja: mtoto asijue kamwe. Aambiwe ni waya za umeme.

Basi Emile alikua akijua kwamba ni waya za umeme. Maman Clémence, shangazi yao aliyewachukua na kuwalea, alijua ukweli naye akaufungia mdomoni. Mapendo aliubeba na hakuuona mzito, kwa sababu mtoto alikuwa mzuri, alicheka haraka, na alichora. Alichora kwa makaa kwenye kuta za shangazi mpaka akachapwa, akachora tena. Mapendo alipopata kazi alimsomesha. Kulikuwa na mwalimu mmoja, Didier, mtu mpole wa Ibanda, aliyemtembelea kwa muda mrefu akiwa na nia ya ndoa. Mapendo alimwacha kabla mambo hayajafika kwenye vifungo vya blauzi. Alijiambia kwamba anamwacha kwa ajili ya Emile, na kwa upande fulani ilikuwa kweli.

Emile alikwenda kusomea sanaa Kinshasa. Alirudi na ndevu, na maneno mengi, na namna mpya ya kutazama vitu, akivitazama kama fundi anayepima ukuta kabla ya kuubomoa. Alihamia kwa dada yake Muhumba, akageuza gereji kuwa mahali pake pa kazi.

Hakuchora tena milima wala ziwa wala akina mama wenye vikapu. Alileta magunia ya mchanga kutoka Luvungi, akachekecha majivu, akaponda mkaa na maganda ya mayai, akavikoroga na gundi ya mbao, akavipaka juu ya turubai kwa mwiko wa mwashi. Tabaka likikauka aliongeza lingine. Kisha alikwaruza kwa msumari, akachoma kwa pasi, akachimba kwa kijiko. Turubai zake zilikuwa nzito, watu wawili kuinua moja. Wageni walipouliza zinaonyesha nini, alikasirika.

Jioni, mbele ya sahani ya bugali na mboga ya fumbwa, alimweleza dada yake. Alisema kwamba kwa karne nyingi watu walichora picha kana kwamba ni dirisha: unasimama hapa, unaona kule nyuma mlima, au Bikira Maria, au matunda ndani ya bakuli. Uongo mtupu, kwa sababu nyuma ya turubai hakuna kitu ila ukuta na msumari. Halafu wakaja wachoraji waliochoka na uongo huo, wakamwaga lami na mchanga na plasta, wakasema picha ni kitu kama jiwe lilivyo kitu. Jiwe halimwakilishi mtu. Alisema pia kwamba jicho ni rahisi kulidanganya, ila kidole hakidanganyiki. Mwanamke wa vijijini Bushi anayekandika ukuta wake kwa udongo na kuacha mistari ya vidole haulizwi mistari ile inasimulia habari ya nani. Ukuta ni ukuta, na ni mzuri.

Mapendo alipenda kumsikiliza. Hakuelewa kila kitu, lakini alipenda kuona mtoto aliyemtoa motoni amekuwa mtu wa kusema mambo makubwa mezani kwake.

Taabu ilianza na Élodie. Huyu alikuwa binti wa watu wenye nafasi, aliyesomea Ubelgiji, na sasa alisimamia ukumbi mmoja wa sanaa uliotazama ziwa. Emile alimpenda, au alipenda hukumu zake, na pengine kwake vilikuwa kitu kimoja. Élodie alikuja gerejini, akapitisha mkono juu ya turubai zote, kisha akasema ni nzuri ila zimetengenezwa. Alisema unahisi mkono unaotafuta kusifiwa. Emile hakula siku ile. Kwa majuma mengi alikwaruza na kubandua, akilalamika kwamba mkono wake unajua mno, kwamba anataka uso ambao hakuna mkono wa mtu uliouwaza.

Asubuhi moja alifungua mlango wa chumba cha dada yake bila kubisha. Alikuwa anatafuta pasi. Mapendo alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, blauzi imeshuka kiunoni, anajipaka mafuta ya mawese kwenye makovu kama alivyofanya kila asubuhi ili ngozi isikaze. Alijifunika upesi. Emile hakuomba msamaha. Alibaki amesimama mlangoni, na Mapendo aliona kwamba macho yake hayamtazami yeye.

Usiku ule baada ya kula alimwomba. Alimwita Yaya, yaani dada mkubwa, kama alivyomwita tangu utotoni, akapiga magoti kidogo kwa mzaha, kisha mzaha ukaisha akabaki magotini. Alitaka kuchukua alama ya mgongo wake kwa plasta, ile ya kufungia mifupa. Mara moja tu. Mapendo alikataa. Siku ya pili alikataa tena. Siku ya tatu Emile alimwambia kwamba katika maisha yake yote hajaona kitu kizuri kama kile, na Mapendo, ambaye hakuna mtu aliyewahi kusema neno kama hilo juu ya mgongo wake, alikwenda chumbani akalia, kisha akatoka akasema sawa.

Alilala kifudifudi gerejini juu ya mkeka. Plasta ilikuwa baridi mwanzoni, kisha ikapata joto taratibu, joto lake lenyewe, kama mkate. Emile aliipaka kwa viganja, polepole, akiingia katika kila bonde na kila mshono wa ngozi. Tangu wauguzi wamwachilie, hakuna mkono wa mtu uliokuwa umemgusa pale. Mapendo aliuma kitambaa. Alitaka kumwambia mdogo wake kitu cha shukrani na hakupata neno. Emile hakuwa anasema naye. Alikuwa anajinong’onezea: safi, safi, usitikisike.

Siku ya ufunguzi Mapendo alivaa kikwembe chake cha sikukuu na blauzi ya kola ndefu akaenda ukumbini pamoja na Maman Clémence. Ukumbi ulijaa. Watu wa vyuo, watu wa mashirika, wafanyabiashara wawili watatu, vijana wenye simu mkononi. Turubai iliyotazamana na mlango ilikuwa kubwa kuliko zote. Emile alikuwa ameurudia mgongo ule mara nyingi, akaupanga kipande juu ya kipande kama mabati ya paa, akaujaza mchanga mweupe na majivu pembeni. Kando yake kulikuwa na kibao kidogo: *Uso wa Saba. Tafadhali guseni.*

Na watu waligusa. Kila mtu aliyeingia alikwenda kwanza pale. Bwana mmoja alipitisha kucha akasema ni kama mawe ya volkano ya Goma. Mama mmoja akasema hapana, ni ngozi ya nguruwe aliyechomwa. Msichana aligusa, akarudisha kidole, akasema inamtia kichefuchefu, akacheka, akagusa tena. Mapendo alisimama karibu, na kila kidole alikihisi mahali pake. Alijua mahali hasa walipofika: chini ya bega la kushoto, penye shimo, kiunoni, penye mkunjo ambao usiku ulimwasha.

Maman Clémence alitazama turubai, akamtazama yeye, akaelewa. Alisema anataka kwenda nyumbani. Mapendo alimwita dereva wa teksi, yeye akabaki.

Mélanie, mwandishi wa redio, alimsogezea Emile kinasa sauti akamwuliza kama kuna mtu aliyetumika kama mfano kwa kazi ile. Mapendo alikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Emile alimwona.

“Haiko mutu,” alisema Emile. “Ukitafuta mutu, unarudia ku dirisha. Hii haina nyuma, haina hadithi. Iko matière tu, muchanga na plasta.”

Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Mapendo alimshika mdogo wake kiwiko, akamwomba watoke barazani kidogo. Nje upepo wa ziwa ulikuwa mkali, na sauti za ndani zilisikika kwa mbali.

“Emile, batu banashika mugongo yangu.”

“Banashika plasta, Yaya. Ilitoka ku mugongo, ikaisha. Sasa iko forme, umbo tu. Haiko weye.”

Alimwomba aondoe kibao, basi. Watu watazame bila kugusa. Emile alieleza kwamba kazi nzima iko katika kugusa, kwamba bila kidole turubai ile imekufa, kwamba Papa Adalbert mwenye hoteli kule chini ziwani yuko tayari kuichukua. Alieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. Mapendo aliendelea kumwomba, mpaka upole ule ukaisha.

“Usiniharibie siku yangu,” alisema Emile. “Ile mugongo haikukutumikia kitu maisha yote. Kwangu sasa imetumika.”

Kisha akaingia ndani kwa wageni wake.

Mapendo alibaki ameshika ukuta wa baraza. Baadaye hakuweza kukumbuka kama aliwaza kitu chochote. Aliingia. Papa Adalbert, mtu mnene mwenye pete, alikuwa mbele ya turubai akimweleza Élodie ni ukumbi gani wa hoteli utakaofaa. Mapendo alipita katikati yao, akasimama ubavuni mwa turubai, akawapa watu mgongo. Alifungua kifungo cha shingoni, na cha pili, na vyote, akaiacha blauzi ishuke.

“Hii njo yenyewe,” alisema akitazama ukuta. “Guseni.”

Alisikia viatu vikisogea, kisha vikakoma. Aliona haya ikimpanda kutoka miguuni, lakini pamoja na haya kulikuwa na kitu kingine, karibu sawa na furaha, kwa sababu alidhani sasa wanaona. Sasa yule msichana ameficha uso wake, sasa Emile atakuja na koti lake amfunike.

Élodie ndiye aliyeanza kupiga makofi. Wengine wakafuata, wachache, kisha wote. Makofi yalijaa ukumbi, na mtu akasema kwa Kifaransa kwamba ni ujasiri wa ajabu, kwamba hajaona onyesho kama hili Bukavu. Emile alikuja. Alimwekea dada yake mkono begani, akawageukia watu akasema kwamba hili ndilo alilolitaka tangu mwanzo, nakala na asili yake zisimame bega kwa bega, mtazamaji akose pa kukimbilia. Aliwashukuru kwa kuja. Aliutamka mpango huo vizuri sana, na haukuwa umekaa kichwani mwake hata dakika moja.

Halafu kidole kilimgusa Mapendo. Kilikuwa baridi, na kilikuwa na pete. Kilishuka kutoka begani hadi kiunoni, kikasimama, kikapanda juu ya turubai kulinganisha, kikarudi.

Picha zilienea kabla ya kesho yake. Jumatatu Padri Constantin alimwita ofisini. Hakumgombeza. Alisema anaelewa kwamba wasanii wana mambo yao, na kwamba yeye binafsi hana neno, ila akina mama wa kikundi cha Legio ya Maria wamezungumza, na vijana wa kipaimara wana picha zile katika simu zao. Alimwomba apumzike nyumbani mpaka watu wasahau. Mapendo alipokwenda kuchukua mwavuli wake alimkuta Chantal, mwenzake wa siku nyingi, amekwisha kuketi kwenye kiti chake na kukisogeza karibu na dirisha. Chantal alimsalimia akitazama vifungo vyake.

Barabarani watu walimpungia. Wengine walimwita msanii.

Emile alirudi nyumbani siku ile akiwa na furaha kama mtoto aliyepewa baiskeli. Ukumbi mkubwa wa Kigali ulimwandikia. Walikuwa wameona picha. Walitaka kazi ile, lakini waliitaka yote, na dada yake ndani. Alisema wataweka taa kutoka juu, na Mapendo ataingia wakati watu wamekwisha kugusa turubai, atasimama kushoto, hatasema kitu safari hii, maneno yaliharibu kidogo. Mapendo alikuwa anachambua maharage mezani. Alimwuliza kama anajua kwamba hana kazi tena. Emile alisema ndiyo, amesikia, lakini ile kazi ilikuwa ndogo kwake, na hii ya sasa ni kazi.

“Ikaa,” alisema Mapendo.

Alikaa.

“Haikukuwa waya za umeme. Ilikuwa mushumaa. Weye njo ulingia nayo chini ya kitanda.”

Emile alitabasamu, kama mtu anayengoja mwisho wa mzaha. Mapendo aliendelea kuchambua maharage na kuendelea kusema. Alimweleza mpira, rangi yake, kona ya chumba ulikokuwa. Alimweleza godoro. Alimweleza namna mama yao alivyorudi ndani, na kwa mara ya kwanza akasema kwa sauti kitu alichokuwa amekidhania miaka yote: kwamba hakurudi kwa ajili ya nguo wala sanduku, alirudi kwa sababu katika moshi hakuona kwamba Emile ametoka tayari. Alikuwa anaita jina lake. Hata hospitalini aliliita, midomo imekwisha kuvimba. Haya ya mwisho hayakuhitajika. Mapendo aliona uso wa mdogo wake unazeeka mbele yake, na alipoona anaumia hakuacha. Alitafuta kama kuna jambo lingine amelisahau. Lilikuwepo, harufu ya chumba kile cha wagonjwa, akamwambia na hilo.

“Unadanganya,” alisema Emile.

“Ita Maman Clémence.”

Alimpigia shangazi simu palepale. Mwanzoni Mapendo alisikia tu upande wa Emile: alisema kwamba Yaya amemwambia habari ya mshumaa, akauliza kama ni kweli, kisha akasikiliza. Jibu lilikuwa kilio cha mwanamke mzee, chembamba, kikitoka katika simu na kujaa jikoni. Emile aliweka simu mezani bila kuizima.

Hakwenda Kigali. Élodie alikuja mara mbili kumtafuta. Mara ya pili alimwambia Mapendo mlangoni kwamba ameharibu kipaji kikubwa kwa wivu, na Mapendo alimjibu kwamba hajui kipaji ni nini, akafunga mlango. Papa Adalbert alichukua turubai yake kama walivyokubaliana. Hoteli iliitundika kwenye kijia kinachokwenda chooni, kwa sababu ukumbini wageni waliokuwa wanakula walilalamika. Watu waliolewa huiegemea wakipita, na sehemu za katikati zimeanza kung’aa kwa mafuta ya mikono.

Emile alihamia chumba cha kupanga katika mtaa wa Nguba. Gereji ilibaki na magunia ya mchanga ambayo hakuna aliyeyahitaji. Waliomwona walisema hashiki mwiko tena, kwamba akipita penye moto wa mkaa wa wauza mahindi huvuka barabara. Maman Clémence aliacha kusema na Mapendo. Alimtumia ujumbe mmoja tu, kwamba marehemu aliomba jambo moja katika maisha yake na amenyimwa. Mapendo alisoma ujumbe ule mara nyingi. Alikuwa amedhani kwamba akishautua mzigo ule atapumua. Hakupumua zaidi ya zamani. Ila alilala, na usingizi ule mzuri ndio uliomwogopesha, kwa sababu alikuwa anautafuta uchungu wa mtu aliyekosa na hakuupata wote.

Alikuwa anauza unga na mafuta kwenye kibanda mbele ya nyumba, baada ya parokia kusahau kumwita, Emile alipokuja Jumapili moja mchana. Alikuwa amekonda. Ndevu zilikuwa zimekwisha. Mikono yake ilikuwa safi kabisa, bila plasta katika kucha, na usafi ule ulimfanya aonekane mtu mwingine. Alisimama kando ya kibanda mpaka mteja aliyekuwepo akaondoka.

Aliomba aone mgongo. Alisema si kwa kazi. Alisema kwamba aliupaka plasta lakini hakuutazama, kwamba anataka kuutazama mara moja sasa anapojua, na kuuwekea mkono, na kuomba msamaha. Alisema haya yote akitazama chini, kwa sauti ndogo, na Mapendo alijua kwamba ni kweli, kwamba katika maisha yake mtoto huyu hajawahi kusema neno la kweli zaidi.

“Hapana,” alisema.

Emile alingoja. Mapendo alifunga mfuko wa unga, akafuta kaunta. Kola yake ilikuwa imefungwa mpaka juu.

Kwa kuwa alikuwa amekonda, alimpakulia bugali na maharage, akamwekea kiti kivulini nyuma ya kibanda. Emile alikula kichwa chini, akamaliza, akaosha sahani mwenyewe. Mapendo hakukaa naye na hakumwuliza anakoishi wala anakula nini. Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka upande wa mlima Kahuzi. Alimwambia mvua inakuja, aende kabla barabara ya Nguba haijageuka matope.

Alikwenda. Mapendo aliingiza mafuta ndani, chupa moja moja, kisha unga, na mvua ilipoanza alikuwa amekwisha kufunga.